Saplaya ni nani?

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Jumanne iliyopita jioni nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Hamugembe nikingoja mvua ikatike. Mara akatokea mama mmoja jirani yangu, kanga kichwani, amekumbatia bahasha ya kaki kana kwamba ni mtoto mchanga. Jina lake silitaji, maana hakunituma nimtangaze, na isitoshe hapa mtaani hakuna anayelitumia. Sisi sote tunamwita Ma Saplaya. Vijana wa bodaboda wanamwita hivyo, watoto wangu wanamwita hivyo, na mgeni akiuliza njia ataambiwa nenda mpaka kwa Ma Saplaya halafu kata kushoto.

Tulisalimiana, nikamkaribisha kiti, hakukaa. Akasema, "Waitu Mwalimu, wewe ndiye mwenye Kiingereza. Hebu niambie leo. Mimi ni saplai, ni saplayazi, au ni saplaya?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, na bahasha ilipofunguliwa mimi nami niliacha.

Ma Saplaya hupeleka maharage na unga wa mahindi katika shule moja ya bweni. Ndani ya bahasha mlikuwa na ankara yake ya miezi mitatu, imerudishwa. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mtu ameandika maneno mawili tu: "Majina hayafanani." Na kwa kweli hayakufanana. Katika cheti cha jina la biashara anaitwa "General Suppliers". Benki, karani aliyemfungulia akaunti aliandika "General Supplies". Na kwenye mhuri, ambao aliuchongesha siku ya haraka kwa fundi wa pembeni mwa barabara, yameandikwa "General Suplier", herufi P moja imepotea njiani na ile S ya mwisho haikufika kabisa. Mama mmoja, majina matatu. Ankara hiyo ilikaa juu ya meza ya mtu kwa wiki saba kabla ya kalamu nyekundu kuyaona hayo, na sasa aanze upya kama mtu aliyeleta maharage jana.

Nilimwandikia jina lake vizuri katika kipande cha karatasi, kama lilivyo kwenye cheti, nikamwambia akachonge mhuri mwingine na aende benki akasahihishe. Akashukuru, akaondoka na mvua ikinyesha. Mimi nikabaki na swali lake. Maana neno hilo tunalitamka kila siku, limeandikwa juu ya milango ya maduka kuanzia Kashai mpaka Rwamishenye, hata juu ya vioo vya Fuso, na sijapata kumsikia mtu akisema hasa ni nani huyo anayeitwa saplaya.

Neno lenyewe Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Walatini. Kwa Kilatini lilikuwa na maana ya kujaza, kuongezea kile kilichopungua. Ghala limebaki na vumbi na panya. Saplaya ni yule anayekuja kulijaza. Ndiyo sababu Mwingereza halitumii neno hili kwa kila anayeuza. Yule mama anayekupimia dagaa katika soko la Bukoba ni muuzaji. Amekaa na kopo lake, wewe ndiye umemfuata, mkono mmoja anakupa dagaa na mkono wa pili anapokea fedha, na biashara yenu imekwisha. Saplaya hakai akingoja. Anaagizwa, anatafuta, anapakia, anakufikishia, anashusha. Halafu mtunza ghala anamsainia hati ya kupokea, naye anageuza gari. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, nayo haimo katika kamusi yoyote niliyoifungua. Muuzaji huondoka na fedha, saplaya huondoka na karatasi.

Waingereza wenyewe wana maneno mengi ya jamaa huyu na hawajaelewana. Wanalo "vendor", ambalo asili yake ni kuuza tu. Neno hili lina vituko. Ukivuka Mutukula ukaingia Uganda, "vendor" ni mama wa sokoni mwenye mafungu yake ya nyanya, na askari wa jiji wakimfukuza magazeti ya Kampala yataandika hivyo. Lakini chukua mkataba wa kununua kompyuta za wizara, "vendor" humo ni kampuni kubwa yenye ghorofa na mawakili. Na mawakili wenyewe wakiandika mkataba wa kuuza nyumba, "vendor" ni mwenye nyumba, hata kama hajapata kuuza kitu kingine maishani mwake. Kwa hiyo msione aibu, nyie mnaokosea. Neno ni moja, na wanaovikwa ni Machinga na tajiri.

Sisi kwa upande wetu tunalo neno zuri, mgavi. Ofisini kuna afisa ugavi, wachumi wetu wanasema ugavi na mahitaji, na mwaka 2007 ilitungwa sheria iliyounda Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Mzizi wake ni kugawa. Angalieni basi jinsi lugha mbili zinavyomtazama mtu mmoja. Mwingereza anasema anajaza, Mswahili anasema anagawa. Anayejaza ameelekeza macho kwenye ghala tupu. Anayegawa ameelekeza macho kwenye foleni ya watu.

Na foleni tunaijua. Wenye umri kama wangu wanakumbuka hali ya mji huu baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sukari, sabuni, chumvi, khanga, vyote vilipitia kampuni ya biashara ya mkoa, ile RTC, na kutoka huko vikashuka kwenye maduka ya ushirika na ya kaya, kwa orodha. Aliyeshika orodha alikuwa mtu mkubwa kuliko padri. Huyo ndiye aliyekuwa mgavi wa siku hizo. Hakuna aliyemdai, bali yeye ndiye aliyetudai heshima.

Yule aliyetuletea sabuni kwa njia zake mwenyewe, usiku, kutoka ng'ambo ya mpaka, hakuitwa mgavi wala saplaya. Aliitwa mlanguzi, aliitwa mfanya magendo, na Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa mitoni na vichakani usiku ili asubuhi zisikutwe kwao. Mwaka uliofuata, bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezitoa wapi. Mtu yule yule, kwa sabuni ile ile, akaamka asubuhi anaitwa mfanyabiashara. Siku hizi watoto wake wanaitwa wajasiriamali. Sabuni haikubadilika hata harufu.

Niruhusuni sasa niwapeleke mbali kidogo, maana kisa cha jina kubadilika na jambo lenyewe kubaki vile vile hakikuanzia Bukoba. Waingereza wana neno la tatu, "purveyor". Leo ni neno la heshima. Utalikuta limeandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya milango ya maduka ya kifahari ya chai, jibini na mvinyo. Maana yake siku hizi ni saplaya wa vitu vizuri. Lakini katika karne za kati neno hilo lilikuwa matusi. Mfalme wa Uingereza alikuwa akisafiri na msafara wa mamia ya watu na farasi, na mbele ya msafara walitangulia watumishi wake walioitwa kwa jina hilo. Kazi yao ilikuwa kumpatia mfalme chakula. Waliingia kwa mkulima wakachukua ngano, kuku, majani ya farasi na hata mkokoteni wa kubebea. Bei walitaja wao. Malipo yalikuwa baadaye, na mara nyingi mkulima aliachiwa kijiti kilichokatwa alama za kuonyesha kiasi anachodai. Aende nacho kwa wakubwa, alipwe siku itakapopatikana.

Jambo hili liliwauma watu kiasi kwamba katika ule Mkataba Mkuu wa mwaka 1215, unaojulikana duniani kote kwa jina la Magna Carta, kimo kifungu cha 28 kinachosema mtumishi wa mfalme asichukue nafaka wala mali ya mtu bila kulipa fedha papo hapo, isipokuwa mwenye mali akubali mwenyewe kungoja. Ndugu zangu, huo mkataba tunafundishwa shuleni kwamba ndio chimbuko la haki za binadamu. Humo ndani kuna ankara ya ngano.

Kifungu hicho hakikutosha. Mwaka 1362, chini ya Mfalme Edward wa Tatu, malalamiko yalikuwa yamezidi mpaka Bunge likatunga sheria kwamba jina hilo linalochukiza lifutwe, na watu hao tangu siku hiyo waitwe wanunuzi. Kweli kabisa, Bunge lilikaa likabadilisha jina la kazi kwa sheria. Sheria hiyo ilitaka pia walipe taslimu. Jina jipya lilikuwa rahisi kutamka, fedha taslimu ikawa ngumu kutoa, na manung'uniko yakaendelea kwa karibu miaka 300, hadi mtindo wenyewe ulipofutwa mwaka 1660. Kuhusu vijiti, hazina ya mfalme ilikuwa na malundo yake ya vijiti vya hesabu vya karne na karne. Tarehe 16 Oktoba 1834 viliamriwa vichomwe katika matanuri yaliyo chini ya Bunge la London, moto ukapanda, ukateketeza karibu Bunge zima. Hilo nalisema kwa kupita tu.

Kinachonivutia ni safari ya neno. Lilianza upande wa mnunuzi, mtumishi wa mfalme anayetafuta vitu, likavuka kaunta, na leo limekaa upande wa anayeviuza. Nilidhani ni maajabu ya Kiingereza peke yake, mpaka nilipoliangalia neno letu la serikali: mzabuni.

Zabuni tumeitoa kwa Waarabu. Na kwa Waarabu zabuni ni mteja. Mtu wa kwetu aliyefanya kazi dukani Muscat au Dubai anajua: tajiri akisema zabuni amekuja, anamsema mtu aliyeingia kununua. Kamusi zetu za zamani, ya Madan ya 1903 na ya Johnson ya 1939, zinamweleza mzabuni kuwa mtu anayetaja bei, hasa mnadani, ili apate kununua. Baadaye serikali ilipoanza kushindanisha watu wanaotaka kuiuzia vitu, neno la mnada likachukuliwa likageuzwa kichwa chini. Wa mnadani hutaja bei ya kununua na aliye juu ndiye hushinda. Wa serikalini hutaja bei ya kuuza na aliye chini ndiye hushinda. Yaani mzabuni wetu naye amevuka kaunta, kama yule wa mfalme. Tangu 2023 anavuka kwa kompyuta, maana zabuni za umma sasa hupitia mfumo wa kielektroniki uitwao NeST.

Mimi sina ugomvi na neno mzabuni siku ya mashindano. Ugomvi wangu unaanza siku ya pili. Mtu ameshinda, amepewa oda, ameleta maharage, yameliwa, vyombo vimeoshwa, na bado tunamwita mzabuni. Anashindania nini tena? Katika miaka ya 2010 magazeti yaliandika mara kwa mara kwamba wazabuni wanaidai serikali, wazabuni wamegoma kupeleka chakula, wazabuni wanauziwa nyumba na mabenki. Ukisoma haraka utadhani ni watu wanaoomba kitu. Neno linanuka maombi. Kumbe ombi lilikwisha zamani, na kilichobaki ni deni.

Kusema fedha itangulie au mali itangulie si jambo dogo katika mkoa huu. Wakulima wetu wa kahawa wanaujua mtindo wa butura. Kahawa ingali maua mtini, mtoto anatakiwa shule, anakuja mwenye fedha anainunua yote kwa bei ya maua. Ikiiva ni yake. Serikali imeupiga marufuku mara nyingi na bado unapumua, kama vile kangomba inavyopumua kwenye korosho huko Mtwara na Lindi. Kule visiwani Muleba, Goziba na kwingineko, tangu sangara alipoanza kununuliwa na viwanda, wako mawakala wanaowapa wavuvi nyavu na mafuta ya injini mapema, na mvuvi akishachukua hana ruhusa ya kumuuzia mwingine samaki wake. Humo fedha inatangulia, na aliyeitanguliza ndiye hupanga bei.

Basi mtu angedhani kwamba mali ikitangulia, mwenye mali ndiye atakayepanga. La hasha. Ma Saplaya ametanguliza mali, na bei ilipangwa na mkataba mwanzoni mwa mwaka, wakati gunia la maharage ya Karagwe lilikuwa na bei ya mavuno. Limepanda tangu wakati huo. Mkataba haukupanda. Mkulima wa butura anaumia kwa kupewa fedha mapema, jirani yangu anaumia kwa kupewa fedha marehemu. Mwenye nguvu huchagua kinachomfaa.

Sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyorithi kwa Waingereza, ambayo asili yake ni sheria yao ya mwaka 1893, iko wazi: kukabidhi mali na kulipa fedha ni mambo ya wakati mmoja, ila kama wahusika wamekubaliana vinginevyo. Na saplaya daima amekubali vinginevyo. Akikataa, yupo mwingine nje ya mlango na Fuso yake inanguruma.

Sitaki mnielewe vibaya. Mkuu wa shule hana kiwanda cha noti ofisini. Serikali ilipofuta ada kuanzia Januari 2016 ilitenga shilingi 1,500 kwa siku kwa chakula cha kila mwanafunzi wa bweni, na fedha hiyo mkuu wa shule anaisubiri kutoka juu kama sisi tunavyosubiri mvua. Ikichelewa afanye nini? Awaambie wanafunzi wasione njaa mpaka mwisho wa mwezi? Anapiga simu kwa saplaya. Ukiangalia vizuri, katika miezi hiyo anayewalisha watoto wa shule si hazina, ni mama wa Hamugembe na benki yake. Watoto wenyewe, wengi ni watoto wa Kihaya waliozoea ndizi nyumbani, wananung'unikia ugali na wala hawajui ni mkopo wa nani wanaoutafuna.

Na wala masaplaya wote si malaika. Nimefundisha miaka mingi katika shule za bweni, nimeona maharage yenye mawe na magunia ya kilo mia yaliyopimwa kwa mizani ya imani. Nimeona ankara za nyama ambayo hakuna ng'ombe aliyeitoa. Kwa hiyo serikali inaposema itahakiki madeni kabla ya kulipa, ina sababu. Lakini hesabu ya upande wa pili nayo ifanywe. Anayejua kwamba atalipwa baada ya mwaka anauweka mwaka huo ndani ya bei tangu mwanzo. Asiyeweza kungoja anaacha, na anayebaki ni yule mwenye mtaji mnene anayeweza kungoja hata mitatu, na huyo akishabaki peke yake atataja bei anayotaka.

Hapa ndipo ninapoona jambo la kusikitisha. Sheria ya Ununuzi wa Umma ilifanyiwa marekebisho mwaka 2016 ili taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, na mimi nililishangilia. Lakini kikundi cha akina mama kumi waliokopeshwa mtaji kikipewa oda ya kupeleka unga, kisha kikangojeshwa miezi minane, kimepewa nini? Kimepewa nafasi ya kuikopesha serikali. Mtaji wao wote umelala katika faili la mtu, na marejesho ya mkopo wao hayalali.

Jirani yangu si wa kikundi, yeye yuko peke yake. Nyumba yake ya kwanza ilianguka katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lile lililoua watu wasiopungua 17 katika mkoa wetu, na sisi wa Hamugembe tukalala nje tukiwa tumejifunika maturubai. Shule aliyokuwa akiipelekea wakati huo ilipasuka kuta, wanafunzi wakaenda makwao, na yeye akabaki na magunia aliyokwisha kuyanunua na hakuna wa kuyala. Alianza upya kwa maharage hayo, akiyauza kopo kwa kopo mbele ya kibanda. Alipojenga tena alijenga kwa matofali ya kuchoma na nondo, na hati ya nyumba hiyo ndiyo iliyoko benki leo kwa ajili ya unga wa shule. Kwa hiyo herufi P iliyopotea kwenye mhuri haikuwa mzaha. Ilikuwa na nyumba mgongoni.

Ninyi mnaonifuata kila juma mnajua kwamba siwezi kumaliza bila kupendekeza neno. Saplaya sina haja ya kulifukuza. Limekwisha kukaa, limepewa cheo cha "Ma", limezaa watoto. Mgavi naye abaki kwenye vitabu vya uchumi. Mzabuni abaki kwenye siku ya mashindano. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuleta na hajalipwa, Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, mwia. Mwia ni mwenye kudai, na mwenye kudaiwa ni mwiwa. Wanaokwenda kanisani wamesikia "nawiwa", na maana yake ni hiyo hiyo, nina deni la mtu. Ningependa kuona siku moja taarifa ya halmashauri yoyote ikiandika "orodha ya wawia wetu" mahali pale inapoandika "orodha ya wazabuni". Najua haitaongeza shilingi moja, kwani nimetoka kuwaeleza habari za mwaka 1362. Ila mtu akiisoma orodha hiyo kwa sauti mkutanini, atajisikia amesema nini.

Ijumaa nilipita kwake. Nilimkuta amekaa mlangoni na mhuri mpya, anaujaribu juu ya ukurasa wa nyuma wa daftari la mjukuu wake. Ameupiga mara kumi na zaidi, wino umemjaa vidole.

"P ni mbili, Mwalimu?"

"Ni mbili, Ma."

"Na S ya mwisho ipo?"

"Ipo."

Benki walikuwa wamemwambia kusahihisha herufi za akaunti kutachukua siku 14. Ankara ataipeleka tena baada ya hapo. Tukiwa katika kuzungumza simu yake ikalia, na nikamsikia akijibu kwa adabu, ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, bila shaka. Alipoweka simu chini akaniambia ni mtunza ghala wa shule, ghala limebaki na maharage ya siku mbili.

Nikamuuliza amemjibu nini.

"Nimemwambia Jumatatu asubuhi, magunia kumi," akasema, na akaupuliza mhuri wake ukauke.